Barua za Wasomaji: Kifafa cha Mtoto na Maneno Yanayopotea

Toleo lililopita lilieleza namna ya kumsaidia mtoto aliyeshikwa na kifafa: alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, na akimbizwe hospitali ikiwa dakika tano zimepita na mwili haujatulia. Barua zilizokuja baadaye hazikuuliza habari za kuanguka. Ziliuliza habari za mtoto ambaye haanguki tena, au anaanguka mara chache, lakini usemi wake na masomo yake hayaendi. Nimechagua tano, nimezifupisha na nimeondoa majina.

Shikamoo Daktari. Binti yangu anakaribia miaka sita. Alianza kusema mapema, na alipofika miaka minne alikuwa akiimba kaswida zote za madrasa. Mwaka jana akaanza kutoitika akiitwa. Nilidhani ni ukaidi, nikamchapa, na mpaka leo najuta. Kisha maneno yakapungua, na sasa amebakiwa na kama kumi. Hospitali walimpima masikio wakasema ni mazima. Mara mbili usiku nilimkuta mdomo umepinda upande mmoja na mate yanamtoka. Akaandikiwa kabamazepini, na tangu hapo sijamwona akishikwa tena, ila maneno hayajarudi. Mama mkwe anasema mtoto ameingiwa na kitu, jirani anasema ni usonji. Nimsikilize nani? (Mama, Tanga)

Marahaba, mama. Siwezi kutaja ugonjwa wa mtoto ambaye sijamwona, lakini uliyoyaeleza yana mpangilio ambao hauruhusu kungoja, na ningependa uichukue barua hii mpaka kwa daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto, au daktari bingwa wa watoto aliye karibu, kabla mwezi haujaisha.

Kusikia ni kazi yenye hatua mbili. Sikio hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo, na huko, katika sehemu ya pembeni ambayo kwa watu wengi iko upande wa kushoto, ndipo sauti hugeuka kuwa neno lenye maana. Kipimo alichofanyiwa binti yako kimejibu swali la hatua ya kwanza tu. Mtoto ambaye hatua ya pili imeharibika husikia kwamba mama anatoa sauti, lakini sauti hiyo kwake ni kama mazungumzo ya wageni katika lugha asiyoijua. Mwanzoni hukosa kuelewa, halafu, kwa kuwa mtu hawezi kuendelea kusema lugha ambayo haielewi tena, na usemi wake wenyewe huanza kuporomoka. Watu wa nyumbani huona kiziwi, au mkaidi, na hapo ndipo viboko huingia. Kwa hiyo usijitese kwa ulichofanya, kwani madaktari pia wamewahi kuwahesabu watoto wa namna hii kuwa ni viziwi.

Mwaka 1957, William Landau na Frank Kleffner, waliokuwa wakifanya kazi St. Louis nchini Marekani, waliandika habari za watoto waliokuwa wakisema vizuri, kisha wakapoteza lugha huku wakipatwa na kifafa, na hali hiyo ikabaki na majina yao mpaka leo. Ni ugonjwa wa nadra. Mara nyingi huanza kati ya miaka 3 na 8, kwa mtoto ambaye hakuwa na kasoro yoyote, na baadhi ya watoto hawashikwi na kifafa kinachoonekana hata mara moja. Wale wanaoshikwa, mara nyingi hushikwa mara chache, usiku, na kifafa chenyewe hutulia kwa urahisi. Kinachobaki hakionekani kwa macho. Mtoto anapoingia katika usingizi mzito, sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha hufyatua mipigo ya umeme isiyo ya kawaida, mfululizo, pengine karibu usingizi wote, na mwili umelala kimya kabisa. Saa hizo ndizo ambazo ubongo wa mtoto hupanga na kukaza yale aliyojifunza mchana. Ukitaka kuelewa shida ya ubongo huo, jaribu kuhifadhi sura mpya huku nyumba ya pili kuna harusi, na kipaza sauti chao kimeelekezwa dirishani kwako.

Hii ndiyo sababu ninayoifanya kuwa msingi wa majibu yangu yote mwezi huu: mtoto mwenye kifafa asipimwe kwa kuanguka peke yake. Nyumba nyingi, na kliniki nyingi pia, huuliza swali moja tu, yaani ameanguka mara ngapi tangu tulipoonana. Nunua daftari, ulipige mstari katikati. Upande mmoja andika siku na saa aliyoshikwa, na upande wa pili andika kila Ijumaa maneno anayoyasema na maagizo anayoyaelewa bila kuonyeshwa kwa mkono. Kwa binti yako upande wa kwanza ungekuwa mweupe na daktari angefurahi, ilhali upande wa pili ungekuwa unapiga kelele.

Kipimo anachokihitaji ni kile cha umeme wa ubongo, ambacho wahudumu hukiita EEG, na lazima kirekodi usingizi. Kipimo cha nusu saa mtoto akiwa macho kinaweza kutoka safi, nanyi mkarudi nyumbani na karatasi inayosema hakuna tatizo. Mwambie mhudumu mapema kwamba mnataka usingizi uonekane. Huenda akakuagiza umkeshe mtoto usiku wa kuamkia siku ya kipimo, na ukifanya hivyo, beba khanga yake na mto wake, maana watoto hawalali vizuri mahali penye harufu ya hospitali.

Swali la kabamazepini ni zito. Ni dawa nzuri kwa aina nyingi za kifafa, lakini kwa mtoto mwenye mipigo hiyo ya usingizini inaweza kuizidisha, na ndivyo ilivyo kwa fenitoini na fenobabitoni pia. Usiiache mwenyewe, kwa sababu kuikatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa kirefu kisichokatika. Muulize daktari kama dawa ibadilishwe, na ibadilishwe taratibu chini ya mkono wake. Dawa ambazo hutumika zaidi katika hali hii ni prednisoloni kwa muda maalumu, sodiamu valproeti na klobazamu. Wako watoto ambao maneno hurudi ndani ya majuma, wako ambao huchukua miaka, na wako ambao hubaki na upungufu wa kudumu, hasa walioanza wakiwa wadogo zaidi au waliochelewa kupata tiba. Sitakudanganya kuhusu hilo.

Wakati mnangoja, msimwache mtoto katika ukimya. Njia ya masikio imeziba, lakini njia ya macho mara nyingi iko wazi. Mwonyesheni vitu, mchorieni picha, na kama kuna shule au familia inayotumia lugha ya alama karibu nanyi, mpelekeni ajifunze, nanyi mjifunze pamoja naye. Lugha ya alama haizuii usemi kurudi.

Jirani yako hakukosea kuuliza, kwani usonji, hali inayomfanya mtoto apate shida ya kuwasiliana na kuchangamana na watu, nao unaweza kumpotezea mtoto maneno, lakini upotevu huo kwa kawaida huonekana mapema zaidi, mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na miaka miwili na nusu. Mtoto aliyesema kwa ufasaha mpaka miaka minne kisha akanyamaza anastahili kupimwa usingizi kabla ya kupewa jina hilo. Kwa mama mkwe, usigombane naye. Mwombe dua yake, na mwombe akusindikize hospitali.

Hapa nitatoka kidogo nje ya barua, kwa ajili ya wenye watoto wachanga. Kuna kifafa cha mwaka wa kwanza, hasa kati ya miezi 3 na 12, ambapo mtoto hujikunja ghafla kama anayeinama kusalimia, mikono ikatawanyika, akarudia hivyo mara nyingi mfululizo, zaidi anapoamka. Watu husema ni chango, wakampaka mafuta tumboni. Daktari wa Kiingereza, William James West, alikieleza mwaka 1841 baada ya kukiona kwa mwanawe mwenyewe. Mtoto huacha kutabasamu, huacha kufuatilia sura ya mama, na kila juma linalopita bila tiba hupunguza nafasi ya akili yake kukua sawasawa. Ukiona hivyo, mrekodi kwa simu na uondoke siku hiyo hiyo. Ile video ya sekunde ishirini itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Daktari, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Nina mwanafunzi mmoja ambaye hukodoa macho hewani, kope zikacheza kidogo, kisha akaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Imla yake ni ya ajabu: mwandiko mzuri, lakini katikati ya sentensi maneno mawili matatu hayapo. Wenzangu wanasema anaota ndoto za mchana. Mzazi wake anasema mtoto hana kifafa kwa sababu hajaanguka hata siku moja. (Mwalimu, Iringa)

Mwalimu, imla hiyo itunze, kwa sababu ni ushahidi. Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki, hatoki povu wala hakojoi. Fahamu huzimika kwa sekunde 5 mpaka 20 na kuwaka tena, na huweza kutokea makumi ya mara kwa siku moja. Huanza zaidi kati ya miaka 4 na 10, umri ule ule wa kujifunza kusoma.

Piga hesabu nami. Mtoto anayezimika mara 30 kwa siku, sekunde 10 kila mara, amepoteza dakika tano tu za siku yake. Anayeziangalia dakika hizo tano atasema hazina uzito, kwani hata kengele ya mapumziko huchelewa zaidi ya hapo. Lakini hazikupotea kwa pamoja. Zimekatwa vipande thelathini, na kila kipande kimeangukia mahali mtoto asipopachagua: neno "si" katika sentensi, namba ya kubeba katika hesabu, jina la mtu anayesimuliwa katika hadithi. Akirudi, sentensi imekwisha kubadilika maana, naye hajui kwamba alikuwa ameondoka. Mtoto wa namna hiyo hukisia, na akikisia vibaya huchekwa, na mwisho hujifunza kunyamaza.

Ili umtofautishe na mwenye ndoto za mchana, mwite kwa sauti ya kawaida kisha umguse begani. Anayeota huzinduka mara moja, hali aliyezimika hatazinduka mpaka sekunde zake ziishe. Tena, anayeota huota somo likichosha, ilhali kifafa kitamkata hata akiwa katikati ya kula au kusimulia jambo alipendalo. Daktari anaweza kumwambia apumue kwa nguvu kwa dakika tatu hivi, na mara nyingi hali hiyo itajitokeza mbele yake hapo hapo. Usilijaribu hilo darasani.

Mwambie mzazi, kwa upole na faraghani, kwamba kuanguka si sharti la kifafa. Dawa zipo. Katika jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2010, ethosuksimidi na sodiamu valproeti zilikizuia kifafa hiki kwa kiwango kinacholingana, na lamotrijini ikabaki nyuma, ila waliopewa valproeti walikuwa na upungufu zaidi wa umakini. Kwa hiyo ethosuksimidi ndiyo ya kwanza, pale inapopatikana. Kabamazepini haifai hapa, kwani inaweza kukizidisha.

Jambo moja ambalo walimu hawaambiwi ni kwamba hata baada ya kuzimika kukoma kabisa, baadhi ya watoto hubaki na umakini dhaifu, kwa sababu mkondo ule ule ulioleta kifafa unagusa na uwezo wa kukaza mawazo. Mkalishe mbele. Toa agizo moja kwa wakati mmoja, kisha mwambie alirudie kwa maneno yake. Mwache anakili sentensi zilizomponyoka kutoka kwa jirani yake bila kuhesabiwa kuwa ameibia. Kiboko hakijawahi kurefusha umakini wa ubongo uliozimika. Na ikiwa una mwanafunzi mwingine ambaye kifafa chake ni cha usiku tu, cha mdomo kupinda na kushindwa kusema kwa dakika moja au mbili, aina hiyo kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya miaka 16, lakini mtazame katika kusoma na tahajia, kwani baadhi yao husuasua hapo bila mtu kuunganisha mambo hayo mawili.

Salaam daktari. Mjukuu wangu alipatwa na malaria iliyopanda kichwani akiwa na miaka mitatu, akapoteza fahamu siku mbili. Sasa ana saba. Huanguka mara moja moja, na akisema, sentensi zake ni fupi kama za mtoto mdogo. Nyumbani tunasema Kigiriama, mtaani Kiswahili, na shuleni Kiingereza. Tumeambiwa tuache lugha zote tubaki na moja, eti ndizo zinazomchanganya. Tena mdogo wake alipatwa na degedege la homa mwezi uliopita. Naye ataharibikiwa? (Bibi, Kilifi)

Shikamoo, bibi. Nianze na mdogo, kwa kuwa jibu lake ni jepesi. Degedege la homa la kawaida, la mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, linalotikisa mwili mzima, likaisha ndani ya dakika 15 bila kurudi siku hiyo, haliharibu akili. Huko Uingereza watafiti waliwafuata watoto 398 waliowahi kupata degedege, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba walipofikisha miaka 10 hawakuwa nyuma ya wenzao katika akili, masomo wala tabia. Sharti ni kwamba katika nchi yetu homa yenye degedege ipimwe malaria siku hiyo hiyo, maana degedege la homa na malaria ya ubongo huingia nyumbani kwa mlango mmoja, na aliyengoja kuona kama ndege atapita anaweza kuchelewa.

Mkubwa ni habari nyingine, na inatokea kwamba mahali palipochunguza habari hiyo kwa makini zaidi ni hapo hapo kwenu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, mjini Kilifi, miongoni mwao Charles Newton, waliwafuata kwa miaka watoto walioruhusiwa kutoka wodini baada ya malaria kali, wakawalinganisha na wenzao ambao hawakuugua hivyo. Waliokuwa wamepoteza fahamu au kushikwa na degedege kali walionekana zaidi kuwa na kifafa, na zaidi kuwa na upungufu wa lugha, kumbukumbu na umakini, hata wale walioondoka hospitali wakitembea na kucheza. Vimelea huziba mishipa midogo ya damu ya ubongo, sukari hushuka, na degedege refu huongeza madhara juu ya madhara. Kwa hiyo sentensi fupi za mjukuu wako na kuanguka kwake huenda ni matawi mawili ya shina moja. Kifafa kikizidi, lugha huumia zaidi, lakini hata dawa ikikizuia kabisa, lugha itahitaji kazi yake peke yake. Familia nyingi hukata tamaa hapa, zikidhani dawa imeshindwa, ilhali dawa imefanya ilichotumwa.

Kuhusu lugha tatu, aliyekushauri hakuwa na nia mbaya, lakini hakuna ushahidi kwamba wingi wa lugha ndio unaoleta upungufu huu, wala kwamba kuziondoa huuponya. Watafiti wa Kilifi waliwapima watoto katika lugha za nyumbani, na matatizo yalionekana humo humo. Fikiria utakachompotezea. Ukimnyang'anya Kigiriama umemnyang'anya wewe mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo lugha unayomsimulia, unayomwonyea na unayombembelezea. Endelea nayo. Kila mtu aseme naye lugha anayoijua vizuri, kwa sentensi kamili lakini fupi, na Kiingereza kibaki kazi ya mwalimu.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno Afrika ya Mashariki, na mkipata nafasi ya kumwona mmoja msiiache ipite. Lakini kuna dawa mnayo tayari jikoni jioni. Mtoto wa namna hii hushindwa hasa na mambo matatu: kulishika jambo kichwani, kuliita kwa jina lake, na kungoja zamu yake ya kusema. "Paukwa" ikidai "pakawa" humfundisha zamu. Kitendawili kikidai "tega" humlazimisha kushika sifa za kitu kichwani huku akilitafuta jina lake. Anza na vile ambavyo kitu chenyewe kinaweza kuwekwa mbele yake. Ukisema "nyumba yangu haina mlango," weka yai mkekani pamoja na kikombe na ndizi, achague, halafu alitaje. Baada ya majuma, liondoe yai abaki na maneno. Hadithi nazo, msimulie ile ile usiku baada ya usiku bila kuona aibu, kisha siku moja isimamishe kabla ya mwisho, umngoje. Ngoja kweli, hata kama kimya kinakukera. Watu wazima huwa na haraka ya kummalizia mtoto sentensi, na kila wakimmalizia wamemwibia zoezi.

Daktari, kijana wangu wa miaka tisa anatumia fenobabitoni. Kifafa kimepungua sana, lakini asubuhi amezubaa na jioni hatulii, na mwalimu anasema hashiki kitu. Jirani anasema dawa ndiyo inayoua akili, tuiache. (Baba, Mahenge)

Baba, jirani yako ameona jambo la kweli kisha akatoa shauri la hatari. Fenobabitoni inaweza kumfanya mtoto azubae, na wengine huwafanya wawe na pilikapilika zisizo na mwisho. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1990 ambamo watoto wadogo waliowahi kupata degedege la homa walipewa dawa hii kila siku, na baada ya miaka miwili kipimo chao cha akili kilikuwa chini ya wenzao kwa alama 8.4, tena degedege halikuzuiliwa. Tangu hapo madaktari hawaitoi kama kinga ya degedege la kawaida. Lakini watoto wale hawakuwa na kifafa. Kwa mwenye kifafa halisi, mizani ina upande wa pili: kila kifafa kirefu nacho kina madhara kwa ubongo, na kuna moto, mto na kisima.

Mahenge mnalijua hili kuliko sehemu nyingine. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alifungua kliniki ya kifafa huko mnamo mwaka 1960 hivi, na dawa yake kuu ilikuwa hii hii. Watu waliokuwa wakilishwa peke yao kwa kuhofiwa mate yao, kana kwamba kifafa huambukiza kwa mate, walirudi shambani na katika familia zao.

Kwa hiyo usiiache, bali rudi kliniki na maswali mawili. Je, dozi inalingana na uzito wake wa sasa? Je, inaweza kutolewa yote wakati wa kulala? Ikishindikana, kuna dawa nyingine za kumhamishia polepole, kwa majuma, si kwa siku moja. Ongeza swali la tatu kwa kuwa uko Mahenge: je, aliwahi kuinamisha kichwa mara kwa mara, kile mnachokiita amesinzia kichwa? Kifafa cha maeneo yenye usubi, wale inzi wadogo wanaouma kandokando ya mito, kinahusiana na minyoo wanayoieneza, na watoto wenye hali hiyo huweza kudumaa akili na mwili, kwa hiyo kuzubaa kwake huenda si kwa dawa peke yake. Hakikisha anameza ivermectini kila dawa ya usubi inapogawiwa kijijini, na usikubali apitwe kwa sababu alikuwa shuleni.

Assalamu alaykum daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka kumi na tisa, anatumia sodiamu valproeti tangu utotoni, na hajaanguka miaka minne. Posa imekuja. Tuna la kufanya? (Dada yake, Zanzibar)

Waalaykum salaam. Mnalo, na lifanyike kabla ya harusi. Valproeti ikitumika wakati wa mimba humfikia mtoto tumboni, na mbali na kuongeza hatari ya kasoro za kimaumbile kama za uti wa mgongo, inagusa akili na lugha: watoto wa mama walioitumia, walipopimwa wakiwa na miaka sita, walikuwa chini ya wale ambao mama zao walitumia dawa nyingine za kifafa, hasa katika uwezo wa maneno. Madhara huongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa. Hili halina maana kwamba asiolewe wala asizae, kwani wanawake wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima. Maana yake ni kwamba daktari apewe nafasi ya kumhamishia dawa nyingine, mara nyingi lamotrijini au levetirasetamu, na mabadiliko hayo huchukua miezi, kwa kuwa lamotrijini hupandishwa kidogo kidogo. Aanze pia foliki asidi mapema. Kama mimba itatangulia kabla ya mabadiliko, asitupe vidonge kwa hofu, bali aende kliniki siku hiyo hiyo akiwa na boksi la dawa mkononi. Mchumba naye aende pamoja naye, asikie mwenyewe kwa daktari badala ya kuja kusikia barazani.

Barua za toleo lijalo zitajibiwa na mwenzangu wa macho.